Tuacheni na Vyeti Vyetu

Nchi hii ukitaka kuona msiba usio na maiti, mwambie abiria kwamba dereva wa bodaboda aliyemshusha sasa hivi ana digrii. Atashika kifua. Atasema "Msomi mzima!" kwa sauti ile ile anayoitoa akisikia jirani kaibiwa gari. Kisha, huku bado anasikitika, ataomba apunguziwe jero kwenye nauli. Mxiu!

Kijiweni kwetu Mabibo, jirani na hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, msiba huo tunaukalia matanga kila siku, siku nyingine mara mbili kabla kahawa haijapoa. Maana kijiwe chenyewe kimesheheni. Yupo kijana wa bodaboda aliyesoma sosholojia, tunamwita Jamii. Yupo dada wa wakala wa pesa kwenye fremu ya pembeni, huyo ni Takwimu. Yupo mwalimu wa Historia na Kiswahili ambaye asubuhi anauza viatu vya mtumba na jioni anafundisha tuisheni. Yupo mwanasheria ambaye hajawa wakili, habari zake zinakuja. Mimi nilisomea misitu kule Morogoro, na mti pekee ninaousimamia leo ni mwembe huu tuliokaa chini yake, tena si wangu. Na yupo muuza kahawa, darasa la saba, asiyedaiwa na mtu, na ndiye peke yake anayetukopesha. Huyo namtaja mapema ili mjue uchumi wa kijiwe umeshikwa na nani.

Anayetuvuruga ni mzee wetu mmoja, mstaafu wa shirika la umma ambalo siku hizi jengo lake limegeuzwa ukumbi wa harusi.

"Enzi zetu," huwa anaanza, na sisi tunajua hapo kahawa ya pili inaagizwa, "hatukutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyotutafuta. Unamaliza mtihani, barua ya kupangiwa unayo mfukoni, nyumba ya shirika inakusubiri, na godoro limo ndani."

Haya, hasemi uongo. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, pale Mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU, kilianza na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Desemba nchi ikapata uhuru, wakoloni wakafunga mizigo, ofisi zikabaki wazi. Ungesomea nini ukose meza? Serikali ilikuwa ndiyo msomeshaji, ndiyo mwajiri na ndiyo mgawaji: wewe Songea, wewe Bukoba, wewe baki hapa hapa wizarani.

Ila kuna ukurasa mmoja mzee huwa anauruka. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho hicho cha Mlimani waliandamana hadi Ikulu na majoho yao, wakipinga utaratibu mpya wa kwenda JKT. Kilichowauma zaidi ni kwamba baada ya kambi wangefanya kazi miezi kumi na minane kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao siku hizo hizo, na yeye mwenyewe akajikata asilimia 20 ya mshahara wake ili wasiseme anawakamua wao tu.

Nilipolisimulia hilo, muuza kahawa aliweka dele chini.

"Asilimia arobaini ya mshahara? Wa kazi ipi?"

Ya kupangiwa.

"Na wakaandamana?"

Akasonya msonyo mrefu mpaka mbwa wa fundi viatu akainua kichwa. Mwalimu wetu wa Historia, ambaye aliwahi kufundisha shule ya kata mwaka mzima kwa kujitolea, alisema yeye angepewa hata asilimia kumi angepika pilau akaalika mtaa.

Basi, mzee akishabanwa hapo hukimbilia hoja ya pili: kwamba enzi zao mtu alifanya kazi aliyosomea. Njia ilinyooka. Hapo ndipo ninapomkatalia mbele ya mashahidi.

Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akamaliza 1962. Kwa hesabu za abiria yule wa bodaboda, huyo alipaswa kufia darasani anasahihisha insha. Lakini alianza na utawala wilayani Dodoma, akahamia mambo ya nje, 1966 akakalia kiti cha mhariri wa The Nationalist, baadaye magazeti ya Uhuru na Daily News, 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais, akaenda ubalozi, uwaziri, hadi 1995 akaingia Ikulu. Jakaya Kikwete alimaliza uchumi Mlimani 1975, akaajiriwa na chama, akavaa magwanda ya jeshi hadi cheo cha luteni kanali, ndipo siasa ikamchukua moja kwa moja. John Magufuli ni mwalimu wa Kemia na Hisabati aliyefundisha Sengerema, kisha akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, na nchi nzima ikamfahamu kwa barabara. Kemia na lami wapi na wapi? (Mtaniambia lami nayo ni kemia. Haya, nimekubali.) Tena akiwa tayari waziri akarudi chuoni kuchukua uzamivu juu ya mafuta ya maganda ya korosho. Samia Suluhu Hassan yeye alianza na ukarani, masomo ya utawala na uchumi yakafuata baadaye.

Sasa niambieni, hapo nani alinyooka?

Jamii akaingilia kati kwamba hao ni wakubwa, wana nyota zao. Nikampa wasio marais. Gado, mchora katuni anayewatoa jasho marais wa Afrika Mashariki, aliacha masomo ya usanifu majengo pale Chuo cha Ardhi mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora kwenye gazeti la Nation. Nikki wa Pili alikuwa anachana mistari jukwaani na digrii yake kichwani, 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya Kisarawe. Mjomba aliyemwona akirap alilia "msomi mzima!" Aliyemwona kwenye uapisho akasema "si nilisema?"

Kwa hiyo tuache kudanganyana. Njia ya anayetoka chuo haijanyooka tangu Lumumba. Kilichobadilika ni nani anamlipia nauli ya kuzunguka. Mkapa alihama kutoka ofisi ya wilaya hadi meza ya uhariri hadi ubalozini, na kila mwisho wa mwezi mshahara uko palepale. Alijifunza uandishi kwa gharama ya umma, akajifunza diplomasia kwa gharama ya umma, na umma ukafaidi. Jamii naye anazunguka vilevile: alianza na ukusanyaji wa takwimu za utafiti mtaani wiki tatu, akauza vifurushi vya bima, akajitolea kwenye asasi iliyokuwa inampa nauli tu, sasa yuko kwenye pikipiki. Tabia ni ile ile, mzunguko ni ule ule. Ila mafuta anajaza yeye.

Mzee aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini sisi tulikuwa wachache." Kweli. Na miaka ya tisini mashirika ya umma yakauzwa, watumishi wakapunguzwa, utaratibu wa kupangiwa kazi ukaisha bila hata kuagwa. Walimu na madaktari tu ndio waliendelea kupangiwa kwa muda, nao siku hizi wamo kwenye foleni. Wakati mlango unafungwa huku, vyuo vilikuwa vinafunguliwa kule. Chuo Kikuu cha Dodoma peke yake, kilichoanzishwa 2007, ni mji ndani ya mji.

Foleni yenyewe tuliiona wote mwaka 2014. Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa, wakakaa majukwaani kama wanasubiri Simba na Yanga. Tulicheka wakati ule. Nani anacheka sasa? Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakapita 135,000. Takwimu alipiga hesabu hiyo kwa kidole kwenye vumbi la kaunta yake: kila kiti kimoja, watu zaidi ya themanini. Naye ni mmoja wa hao. Hakupata, na hajalia, alifungua fremu saa moja asubuhi kama kawaida.

Na kuomba kwenyewe si bure, jamani. Vyeti vigongwe muhuri wa wakili, na wakili hagongi kwa upendo. Bando la kuingia kwenye mfumo wa ajira, ambao siku ya mwisho huwa mzito kuliko mlango wa benki. Namba ya NIDA. Usaili wa mchujo mkoa fulani, usaili wa mahojiano siku nyingine, kote huko nauli, gesti na shati la kuazima. Ukifaulu lakini nafasi zikiwa zimejaa, unawekwa kanzidata. Mwalimu wetu ukimuuliza siku hizi uko wapi, anajibu bila aibu, "Niko kanzidata." Wageni wanadhani ni kata mpya ya Temeke.

Halafu kumbukeni 2017. Uhakiki wa vyeti ulipokamilika, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Karibu watu elfu kumi walikuwa ndani na karatasi za bandia, wakati wenye karatasi halali tuko chini ya mwembe tunagombania drafti! Hilo halikumtoa mtu chozi la "msomi mzima". Mxiuuu.

Sasa njooni tumtazame Takwimu kazini, maana huyu ndiye anayenifanya niandike.

Fremu yake ina upana wa kitanda cha futi nne. Kwenye kaunta kuna simu ndogo, kila moja na mtandao wake, zimefungwa raba za rangi ili mkono usikosee. Mashine ya benki iko upande wa kushoto. Katikati kuna daftari kubwa la mistari. Biashara ya uwakala ukiitazama kwa nje ni kubonyeza tu, ila siri yake ni mizani: ukijaza pesa yote kwenye simu, anakuja mtu wa kutoa laki tatu huna noti, ukikaa na noti droo nzima, anakuja wa kuweka huna floti. Kwa hali zote mbili mteja anavuka barabara, na kamisheni anavuka nayo. Kwa hiyo Takwimu anaandika. Siku ya wiki, saa, waliotoa, walioweka, waliorudishwa na kwa nini. Ana miaka miwili ya madaftari hayo chini ya kaunta. Anajua Ijumaa jioni mtaa unatoa, Jumatatu asubuhi wenye maduka wanaweka. Anajua wiki ya bumu, ile pesa ya mkopo ya wanafunzi kujikimu. Siku mbili kabla halijatoka, yeye keshapanga noti za elfu kumi na za elfu tano, hasa za elfu tano, kwa sababu mwanafunzi hatoi kiasi kikubwa siku ya kwanza, anaona haya. Wakala wa ng'ambo, aliyemtangulia kwa miaka na mwenye bango kubwa, bumu likitoka saa nane mchana anasema "pesa imekata, jaribu kwa yule dada".

Mjomba wake alikuja siku moja kutoka Singida. Akakaa kwenye stuli, akatazama, mwisho akauliza, "Na takwimu zako ulizosomea miaka mitatu, ndiyo basi?" Takwimu akamfungulia daftari, akamwonyesha safu, akamweleza wastani, akamwonyesha wiki ya Idi alivyoibashiri. Mjomba akafunua kurasa mbili, akasema, "Hili si daftari la duka tu?"

Tulikohoa kwa pamoja, benchi zima.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani naimba ule wimbo wa fursa. Jamii angekuwa hapa angenizaba. Pikipiki yake ni ya mkataba: kila siku anampelekea tajiri hesabu ya elfu kumi, mvua inyeshe isinyeshe, mwaka na ushee, akimaliza ndipo kadi inaandikwa jina lake. Akiugua siku tatu, deni haliugui. Chuoni bumu lilikuwa linampa elfu kumi kwa siku ya kula na kulala. Leo elfu kumi ile ile ndiyo anayomhesabia mtu mwingine kabla hajaonja chai. Na Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili waulizeni bodaboda wanawafahamu kwa kiasi gani. Hii kazi ina heshima, ndiyo, na ina mifupa inayovunjika. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Pamoja na hayo, sosholojia yake haijaoza. Kijiwe kilikuwa kinagombana kila wiki juu ya zamu na michango ya misiba. Akakaa nao, akasikiliza, akaandika katiba ya kurasa nne. Kuna kifungu cha zamu, kifungu cha mfuko wa ajali, na kifungu cha anayekuja kazini amelewa: anavuliwa kizibao, anapewa maji, pikipiki inalala kwa mwenyekiti. Hakuna aliyekiuka kifungu hicho mara mbili. Kama kungekuwa na profesa wa kupita hapa kusahihisha, angempa A.

Mwanasheria wetu naye ndiye aliyeipitia katiba hiyo, akaongeza "bila kuathiri kifungu kilichotangulia" mahali pasipohitajika. Yeye digrii anayo, ila ili awe wakili lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile Law School, na ada haijatimia. Hana haraka sana pia, kwa sababu anazikumbuka hesabu za 2022: katika watahiniwa 633, waliofaulu wote bila kurudia chochote walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Yeye huku nyuma anawasaidia watu kusoma mikataba ya viwanja kabla hawajatia dole gumba, na nawaambia, ameokoa zaidi ya mjane mmoja.

Wako pia waliotoka Mlimani wakaenda VETA kujifunza ufundi umeme. Mzee hilo linamkera kuliko yote, analiita kurudi darasa la kwanza. Mimi naliona ni akili, tupite.

Ninachoshindwa kukipita ni hotuba. Mheshimiwa anashuka kwenye gari la serikali, dereva wa serikali kamfungulia mlango, mafuta ya serikali, anakunywa maji ya chupa ya serikali, kisha anatuambia, "Vijana, jiajirini! Serikali haiwezi kuajiri kila mtu!" Nyie! Mtu ambaye tangu amalize chuo hajawahi kulala hata mwezi mmoja nje ya orodha ya mishahara, anamfundisha Takwimu kujiajiri? Angekaa kwenye ile stuli Ijumaa moja tu, simu tatu zinalia, floti imebaki elfu arobaini, na askari kaja kuulizia leseni.

Kujiajiri kuna nauli yake, na nauli hiyo haitajwi kwenye hotuba. Mkopo wa chuo unadai. Ukiajiriwa, tangu 2016 makato yamepanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Nitende haki: ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inanenepesha deni ukiwa umelala, ilifutwa 2021, na tulishukuru. Lakini aliyejiajiri naye anadaiwa, mshahara hana. Akitaka mtaji anaambiwa aende halmashauri, kuna asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vizuri sana. Aende na kikundi. Takwimu alitafuta wenzake, wakaandika katiba (mnajua nani aliiandika), wakafungua akaunti, Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Iliporudi mwaka uliofuata, wawili katika kikundi walikuwa wameolewa mikoani na mmoja kapata kazi ya mkataba Geita. Aanze upya kutafuta wenzake.

Kwa hiyo waheshimiwa, hatuombi mturudishie godoro la mzee. Tunajua tuko wengi, hesabu ya themanini kwa kiti kimoja tumeipiga wenyewe. Ila nauli ya kuzunguka mgawane nasi. Anayeita watu kwenye usaili alipie safari zao, au awafanyie usaili wilayani kwao, hatua zote. Deni la aliyejiajiri lisubiri biashara isimame, lisitangulie kufika dukani kabla ya mteja wa kwanza. Na mkopo wa halmashauri mtu mwenye daftari kama lile la Takwimu apewe peke yake, bila kukusanya wachumba wa mikopo. Asiyeweza hata moja kati ya hayo asije Mabibo kutuhutubia kuhusu fursa. Benchi limejaa.